Zamu ya usiku, mlinzi na vinyago vya mashine

Mchezo huu hauna bunduki, hauna magari ya kushindana wala mpira wa kupiga. Mchezaji anaajiriwa kuwa mlinzi wa usiku. Anakaa kitini katika ofisi ndogo ya hoteli ya kuuza pizza, tangu saa sita za usiku hadi saa kumi na mbili za asubuhi, na kazi yake ni kutazama kamera. Mchana, watoto hutumbuizwa hapo na vinyago vya mashine: dubu Freddy, sungura Bonnie, kuku Chica na mbweha Foxy. Usiku vinyago hivyo huamka na kumtafuta mlinzi.

Jina lake ni Five Nights at Freddy's. Aliyeubuni ni Mmarekani, Bw. Scott Cawthon, na karibu kazi yote aliifanya peke yake. Kabla ya hapo alikuwa ametengeneza mchezo wa watoto, wachezaji wakamlaumu kwamba wanyama wake wanakwenda kama mashine na wanatisha. Basi akaamua kutisha kwa makusudi. Mchezo wa kwanza ulitoka Agosti 2014, wa pili Novemba mwaka huo huo, wa tatu na wa nne mwaka 2015. Mingine ikafuata, na filamu ikatoka mwaka 2023. Mimi nimeimaliza ile minne ya kwanza, mmoja baada ya mwingine, kwa laptopu ya mpwa wangu, hapa Meru na kule Embu.

Jambo la kwanza ni stima. Ofisi ya mlinzi ina milango miwili, mmoja kushoto, mmoja kulia. Ukiifunga u salama, lakini kila mlango uliofungwa hula stima, kila taa hula stima, hata kutazama kamera kwenyewe. Na stima ya usiku mmoja imepimwa. Ikiisha, giza huingia, milango hufunguka, na dubu hutokea upande wa kushoto, uso wake ukimetameta na muziki ukilia. Muziki wenyewe ni ule wa mpigana na fahali kutoka Carmen, opera ya Mfaransa Bizet ya mwaka 1875. Sikujua kwamba wimbo wa furaha namna ile waweza kumtoa mtu jasho.

Mtu wa Makutano, mjini Meru, hahitaji kufundishwa hofu ya stima. Katika zamu ya tatu nilikuwa nimebakiwa na asilimia nne, mara stima ya nyumba nzima ikapotea, ile ya kweli. Nikabaki na mwanga wa betri usoni, na mpwa wangu alikuwa amekwisha jifunika blanketi. Yachekesha ukikumbuka kwamba mabwawa ya Mto Tana, tangu Kindaruma la mwaka 1968 hadi Kiambere la mwaka 1988, yako huko huko Mbeere, mpakani mwa Embu.

Mchezo wa pili hauna milango kabisa. Mlinzi hupewa kichwa cha dubu avae, ili vinyago vimdhanie mwenzao. Huu sikuupenda sana, maana kazi za mikono ni nyingi mno hata mtu hana nafasi ya kuogopa. Wa tatu una kinyago kimoja kilichooza, nao haukunikosesha usingizi.

Lakini wa nne, lo! Humo mchezaji ni mtoto chumbani mwake, na silaha yake kubwa ni sikio. Unakwenda mlangoni, unasikiliza. Ukisikia pumzi, ushikilie mlango. Usiposikia, washa tochi. Ukikosea, umekwisha. Nilianza kuucheza Meru mwezi wa Novemba, mvua ikipiga mabati. Nani atasikia pumzi ya kinyago chini ya mabati? Nikausafirisha hadi Embu, kwa kupitia Chuka na lile daraja la Nithi ambako abiria hunyamaza bila kuambiwa, nikaumalizia huko kwa visikizio.

Wako wazazi wanaolalamika kwamba mambo haya yanawaharibu watoto. Siafikiani nao moja kwa moja. Bibi zetu walitutisha kwa zimwi lililokuja ngomani kwa sura ya kijana mzuri, kumbe lina mdomo wa pili kisogoni. Tena Ziwa Nkunga, lile la msituni karibu na mji wa Meru, wazee walilihesabu takatifu na hawakulikaribia hovyo. Ila hofu ile tulipewa tukiwa wengi karibu na moto, na bibi mwenyewe yupo. Mpwa wangu, mwenye miaka 12, alikuwa akijitisha peke yake saa tano za usiku. Ndiyo sababu nikavuta kiti.

Kule Embu nililala kwa rafiki, chumba cha juu ya maduka. Usiku mmoja mlinzi wa jengo, mzee kutoka Mbeere, alipanda kuomba maji ya moto ya chai, akanikuta naurudia mchezo wa kwanza. Akasimama nyuma yangu akitazama.

"Huyu naye ni soja?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Ana milango mingapi?"

"Miwili."

"Mimi sina hata mmoja," akasema, akacheka.

Akauliza mshahara. Nikamwambia dola 120 kwa zamu tano. Akapiga hesabu ya shilingi kimya kimya, asiseme neno. Kisha nikamfasiria ile sauti ya simu inayomwelekeza mlinzi mpya, isemayo kwamba akifa, kampuni itatoa taarifa ya kupotea kwake katika siku 90, au mara zulia litakapokwisha badilishwa.

"Anayesema ni nani?"

"Mlinzi aliyekuwapo kabla yake."

"Na sasa yuko wapi?"

Jibu la swali hilo huja katika zamu ya nne, nasi tulikuwa bado katika ya kwanza.

"Hata mimi nilipoandikwa kazi hapa niliuliza hivyo," mzee akasema.

"Wakakujibu nini?"

"Waliniambia nianze saa kumi na mbili jioni."

Akachukua chupa yake ya chai na rungu, akashuka ngazi.