Dola za Kwanza Ndizo Ngumu

Januari 1999 kamera ya NICMOS, jicho la darubini ya Hubble linaloona mwanga wa infraredi, ilipofuka. Haikuweza kufanya kazi bila baridi kali, na baridi yake ilitoka kwenye pande la naitrojeni iliyogandishwa, lililopandishwa nayo angani mwaka 1997. Joto likapenya mahali lisipotakiwa, na barafu iliyotarajiwa kudumu zaidi ya miaka minne ikaisha kabla ya miaka miwili. Machi 2002 wanaanga wa chombo cha Columbia walifunga jokofu la aina mpya, na kamera ikarudi kuona. Walioliunda jokofu hilo hawakuwa miongoni mwa makampuni makubwa ya ndege na roketi. Lilitoka Creare, kampuni ya wahandisi katika mji mdogo wa Hanover, jimbo la New Hampshire. Ndani yake mlikuwa na vizungushi vilivyozunguka maelfu ya mara kwa sekunde juu ya utando wa gesi, bila chuma kugusa chuma, kwa kuwa mtikisiko kidogo tu ungeharibu picha. Utafiti uliozaa mashine hiyo uligharamiwa tangu miaka ya 1980 na mpango wa serikali ya Marekani uitwao SBIR, wakati Hubble yenyewe ilikuwa haijaruka.

Sheria ya mpango huo ilitiwa saini na Rais Ronald Reagan mwaka 1982, baada ya jaribio lililoanzishwa miaka mitano kabla na Roland Tibbetts katika Wakfu wa Taifa wa Sayansi. Inasema hivi: kila idara ya serikali yenye bajeti kubwa ya utafiti unaofanywa nje ya kuta zake itenge sehemu ya fedha hizo kwa ajili ya kampuni zenye wafanyakazi wasiozidi 500. Sehemu hiyo ilianza na asilimia 0.2, ikapanda hadi asilimia 3.2, na jumla yake ikawa mabilioni ya dola kila mwaka. Fedha hutolewa kwa hatua. Ya kwanza ni ya kupima kama wazo lina mashiko, na NASA kwa kawaida hutoa takriban dola 150,000 kwa kazi ya miezi 6. Waliofaulu huomba hatua ya pili, ambayo ni ya kuunda chombo chenyewe na hugharimu mara kadhaa zaidi. Hatua ya tatu ni sokoni, na huko mfuko huu hautoi hata senti. Serikali haichukui hisa wala haidai mkopo, na hataza hubaki mikononi mwa kampuni.

Mtu mwenye busara atauliza mara moja: kwa nini mlipa kodi abebe hasara ambayo benki imeikwepa? Jibu langu ni kwamba benki ina haki ya kuikwepa. Mhandisi mwenye hesabu nzuri karatasini na hana kifaa cha kuonyesha hana dhamana ya kuweka. Mwekezaji binafsi naye anataka kuona kitu kinachofanya kazi kabla hajafungua mkoba. Pengo liko hapo, kati ya wazo na kifaa cha kwanza, nalo ni pana zaidi katika tiba na anga za juu, ambako majaribio huchukua miaka na mteja huenda akawa mmoja tu. Hoja yangu basi ni finyu kuliko wanavyopenda kudai wapiga debe wa mpango huu. Thamani yake kubwa imo katika zile dola chache za mwanzo. Kadiri fedha inavyoongezeka na kurudiwa kwa kampuni zilezile, ndivyo faida yake inavyokuwa ngumu kuonekana.

Ushahidi wenye nguvu zaidi uliletwa na mchumi Sabrina Howell mwaka 2017. Alichukua maombi yaliyopelekwa Wizara ya Nishati ya Marekani, ambako waombaji hupangwa kwa alama, akalinganisha kampuni zilizopata ruzuku kwa tofauti ndogo na zile zilizoikosa kwa tofauti ndogo. Ulinganisho wa namna hiyo ni wa haki, kwa sababu kampuni za pande zote mbili za mstari zinafanana sana. Aligundua kwamba ruzuku ya hatua ya kwanza iliongeza uwezekano wa kampuni kupata mtaji wa wawekezaji kutoka takriban asilimia 10 hadi 19. Kampuni hizo zilisajili hataza zaidi na mapato yao yaliongezeka. Ruzuku ya hatua ya pili, karibu dola milioni moja, haikuonyesha mabadiliko ya maana kwa kulinganishwa na hiyo. Na sababu, kwa mujibu wa Howell, haikuwa sifa ya kupigiwa muhuri na serikali. Fedha zile zilitengeneza kifaa cha kwanza, na kifaa kikajieleza.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Mwaka 2000 mchumi Scott Wallsten alionyesha kwamba, katika kampuni alizozichunguza, kila dola ya ruzuku ilichukua nafasi ya dola ambayo kampuni ingetumia yenyewe. Serikali ilikuwa inalipia kilichokuwa kinakuja hata bila yake. Mwaka mmoja kabla, mchumi mwingine, Josh Lerner, alikuta kwamba kampuni zilizopata ruzuku zilikua haraka kuliko wenzao, lakini katika maeneo ambako wawekezaji wa mitaji walikuwa tayari wamejaa, na kwamba kupata ruzuku nyingi hakukuongeza ukuaji. Matokeo haya, kwa maoni yangu, hayaubomoi mpango bali yanaonyesha mahali unapovuja. Kampuni iliyokwisha kusimama ina fedha zake, na ikipewa za serikali itaziweka zake mfukoni. Isiyo na kitu haina cha kuhamisha.

Hapo ndipo linapoibuka lalamiko la kampuni zinazoishi kwa ruzuku, ambazo hujua kuandika maombi kuliko kuuza bidhaa. Lalamiko ni la kweli, ila halikati sawa kila mahali. Creare yenyewe imepata ruzuku hizi kwa wingi mno miaka yote, na kwa kipimo cha mauzo ya dukani ingeonekana mzigo. Lakini ni nani mwingine angenunua jokofu la Hubble? Katika anga za juu serikali ndiyo mteja, na kampuni inayotatua matatizo ya NASA mwaka hadi mwaka ni fundi anayeitwa kazini. Ningependa kipimo kiwe wazi: je, kuna aliyekitumia kilichotengenezwa? Made In Space ya California ilipitia mlango huohuo, na mwaka 2014 printa yake ya kuchapa vitu vya plastiki ikawa ya kwanza kufanya kazi hiyo ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Chombo kiliruka na kikatumika. Mjadala wa ruzuku ngapi hauna uzito tena.

Katika tiba hesabu ni ngumu zaidi, na kisa kimoja kinatugusa moja kwa moja. Kampuni ya Sanaria ya Rockville, Maryland, ilianzishwa mwaka 2003 na daktari Stephen Hoffman, na fedha zake za mapema zilijumuisha ruzuku za SBIR kutoka Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Lengo lake lilikuwa chanjo ya malaria inayotumia vimelea vizima. Mbu hufugwa katika mazingira yasiyo na vijidudu vingine, huambukizwa malaria, hupigwa mionzi ili vimelea vidhoofike, kisha vimelea hutolewa kwenye tezi zao za mate na kuhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika. Wataalamu wengi waliona jambo hilo haliwezekani kiwandani. Liliwezekana, na chanjo hiyo ikajaribiwa Bagamoyo na Taasisi ya Afya Ifakara. Kinga iliyopatikana kwa Watanzania ilikuwa dhaifu kuliko ile ya Wamarekani, na kwa watoto wachanga wa Siaya, Kenya, haikuonyesha kinga ya maana baada ya miezi 6. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwanza chanjo nyingine, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023. Je, fedha zilipotea? Sioni hivyo. Swali ambalo hakuna kampuni kubwa ingelilipia lilipata majibu, na wanasayansi wa Bagamoyo walipata ujuzi wa majaribio ya kuambukiza malaria kwa makusudi chini ya uangalizi, ujuzi unaofaa kupimia chanjo yoyote nyingine. Anayetaka kila ruzuku izae bidhaa anaomba mkopo wa benki kwa jina jingine.

Limebaki pingamizi la mwisho: umma unalipa, faida inakwenda kwa wachache. Katika dawa na vifaa vya hospitali hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa maana mgonjwa anaweza kulipa mara mbili, kwanza kwa kodi na tena kwa bei. Serikali hubakiwa na haki ya kuutumia uvumbuzi kwa shughuli zake, lakini haki hiyo haishushi bei dukani. Kwa ruzuku ndogo ya mwanzo nakubali kampuni iachiwe kila kitu, kwa kuwa bila hivyo hakuna atakayeifuata hatua ya tatu. Kwa mamilioni ya baadaye, sharti la bei ni halali.

Septemba 30, 2025 muda wa sheria hii ulikwisha bila Bunge la Marekani kuurefusha, na moja ya sababu ilikuwa mabishano katika Seneti juu ya kuwekea ukomo kampuni zinazopokea mara kwa mara. Ukomo una mantiki katika hatua ya pili. Kuifunga hatua ya kwanza kwa ajili ya ugomvi huo, hata kwa mwezi mmoja, kulikuwa kuwaadhibu wasiohusika.