Kilomita 42 kila siku, kwa mguu wa bandia

Mtoto akiwaambia wazazi wake kwamba anataka kukimbia kutoka bahari moja hadi nyingine, ilhali mguu wake mmoja ni wa bandia, mzazi amjibu nini? Swali hili liliikuta familia ya Fox katika mji wa Port Coquitlam, magharibi mwa Kanada. Mama, Betty, aliona mwanawe amepagawa, na hakumficha. Baba, Rolly, aliuliza neno moja tu: lini?

Habari za Terry Fox husimuliwa aghalabu katika kurasa za michezo. Sisi twaona mahali pake ni hapa, kwenye ukurasa wa familia.

Terry alizaliwa mwaka 1958. Mwaka 1977, akiwa na miaka 18, aligunduliwa kuwa na saratani ya mfupa, akakatwa mguu wa kulia juu ya goti. Wodini aliwaona wagonjwa wenziwe, wakiwamo watoto wadogo, na nia ikamwingia: aikimbie Kanada nzima ili zichangwe fedha za utafiti wa maradhi hayo. Akajizoeza kwa zaidi ya mwaka. Tarehe 12 Aprili 1980, mjini St. John's, aliuchovya mguu wa bandia katika maji ya Atlantiki, akaelekea magharibi.

Lengo lake lilikuwa kilomita 42 kwa siku. Hayo ni masafa ya marathoni kamili, ambayo wanariadha mashuhuri wakishayamaliza hupumzika kwa majuma kadhaa. Yeye aliamka alfajiri ya kesho yake akaanza tena. Mguu wa bandia wa zama zile ulitengenezwa kwa kutembea, si kwa mbio. Kila hatua ilimlazimu kuruka mara mbili juu ya mguu mzima ili ule mwingine uwahi kurudi mahali pake. Kigutu kilichubuka na kutoa damu. Mbele yake ilikuwa barabara ya mashamba na misitu, yenye vilima, upepo, mvua na hata theluji. Rafiki yake, Doug Alward, aliendesha gari lililobeba chakula na maji, akimtangulia kidogo na kumngoja. Terry hakuifikiria Kanada nzima. Alifikiria kulifikia gari.

Kuishi wawili garini namna hiyo kwa majuma kadhaa si jambo jepesi. Walipofika Nova Scotia walikuwa karibu hawasemezani, ikapangwa mdogo wake Terry, Darrell, kijana wa miaka 17, ajiunge nao awe katikati. Nani asiyejua kuwa safari nyingi huokolewa na ndugu wa kukaa baina ya wagomvi?

Mwanzoni wengi hawakumjua. Lakini Port aux Basques, mji mdogo wa watu kama 10,000, ulichanga dola 10,000. Alipoingia Ontario mwishoni mwa Juni, nchi nzima ilikuwa ikimfuatilia.

Tarehe 1 Septemba, karibu na mji wa Thunder Bay, kikohozi na maumivu ya kifua vilimsimamisha. Alikuwa amekimbia siku 143 na kilomita 5,373. Saratani ilikuwa imeingia mapafuni.

Hapa twatofautiana na wanaomsifu bila kiasi. Njiani Terry alikataa kwenda kupimwa, ingawa kwa mgonjwa wa maradhi yale kupimwa mara kwa mara ni jambo la lazima. Hatusemi kuwa vipimo vingemponya. Hilo hakuna awezaye kulidai. Lakini mwili nao ni amana, na nia njema haimwondolei mtu haki ya mwili wake. Mzazi mwenye kijana anayeugua na huku ana hamasa kubwa aweza kuiunga mkono hamasa hiyo, na papo hapo akashika kalenda ya kliniki.

Terry alitaka kila Mkanada atoe dola moja. Kufikia Februari 1981 zilikuwa zimepatikana zaidi ya dola milioni 24, sawa na idadi ya watu wa nchi ile. Alifariki tarehe 28 Juni mwaka huo, akiwa na miaka 22. Septemba iliyofuata watu wapatao 300,000 walikimbia kwa jina lake, na mbio hizo hufanyika kila mwaka hadi leo. Hazina mshindi. Anayetaka kutembea hutembea, na mwenye mtoto mchanga humsukuma kwenye kigari chake.