Taa Imezima, Waya Bado Una Umeme

Umeme ukikatika, wengi wetu tunakimbilia tochi ya simu na kuiacha nyumba vilevile: pasi juu ya nguo, jiko limewashwa, pampu kwenye soketi. Tunadhani giza ni ushahidi kwamba waya hauna kitu. Si kweli. Taa huhitaji fezi na nyutro ili iwake. Nyutro ikikatika, taa huzima ilhali fezi ingali na volti 230, na anayeshika waya akiamini "umeme haupo" ndiye anayepigwa shoti. Nyutro hiyo ikikatikia nguzoni kwenye laini ya fezi tatu, baadhi ya nyumba zinaweza kupata volti zinazokaribia 400. Ukiona taa zinang'aa kupita kawaida, zima swichi kuu palepale. Na hata unapokatika kweli, umeme hurudi bila hodi: pasi iliyosahaulika huanza kuunguza nguo wenyewe wamelala.

Hatari kubwa zaidi tunaitengeneza wenyewe kwa ule waya wenye plagi pande zote mbili, unaochomekwa kwenye jenereta upande mmoja na kwenye soketi ya ukutani upande mwingine. Umeme wa jenereta hutoka kupitia mita hadi laini ya mtaani, na transfoma haibagui mwelekeo: ile inayoshusha volti 11,000 kuwa 230 inaweza kuzipandisha tena. Fundi aliye juu ya nguzo hana habari. Wapo watakaosema jenereta ndogo haiwezi kubeba mtaa mzima, itazimika. Mara nyingi itazimika, ndiyo; lakini waya ukiwa umekatikia jirani na kwako, mzigo ni nyumba mbili tatu tu, na volti 230 zinatosha kuua. Wengine husema, "Mimi huzima swichi kuu kwanza." Vizuri, ila usalama huo unategemea kumbukumbu ya mtu aliye gizani, na plagi ikichomoka ukutani jenereta ikiwa inaunguruma, vyuma vyake viko wazi na vina umeme mkononi mwa mtoto.

Chenjiova, ile swichi inayoruhusu umeme wa TANESCO (shirika la umeme la Tanzania) au jenereta lakini kamwe si vyote pamoja, ina gharama, sikatai. Asiyeimudu achomeke friji moja kwa moja kwenye jenereta iliyo nje, mbali na madirisha kwa sababu ya moshi wake. Anayeimudu amwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na ule waya wa plagi mbili aukate leo.