Sinigang: uchachu wa nani ufuatwe jikoni?

Kama nyumbani kwenu bado mnabishania chumvi, shukuruni. Kwa Wafilipino ubishi ni wa uchachu.

Supu yao ya nyumbani inaitwa sinigang, jina linalotokana na neno lao la kutokosa. Ni mchuzi mwepesi, wa moto, mchachu mpaka jicho linajifumba, na unaliwa na wali mweupe. Marehemu Doreen Fernandez, mwandishi wao mashuhuri wa mambo ya chakula aliyefariki mwaka 2002, aliona huo ndio mlo unaowakilisha ladha ya Kifilipino kuliko adobo inayosifiwa sana nje.

Kinachotia uchachu ndicho kinachogawa nyumba. Wengi hutumia ukwaju mbichi. Wengine mapera, embe mbichi, au kamias, ambazo ndugu zangu wa Zanzibar mnazijua: ni mbirimbi hizi hizi! Nenda Visaya ya magharibi, utaambiwa bila tunda la batwan hapo hamna supu. Haya, mke katoka huko, mume kakulia Manila kwenye ukwaju. Mama wa nani afuatwe?

Mimi niliijulia Dubai mwaka 2007, nikishea fleti na dada mmoja wa Kifilipino aliyemwacha mumewe na watoto wawili kwao. Yeye alipenda ya nguruwe, ila siku akijua nitakula, aliweka kamba. Kila Ijumaa alinunua kadi ya simu, na wiki moja nusu ya dakika ziliishia kwenye supu. Mume alikuwa anatumia unga wa pakiti, watoto wakagoma: si ya mama. Hakumgombeza. Alimwelekeza hatua kwa hatua, akamwambia amwonjeshe yule mdogo. Akikunja uso na kurudisha kijiko, basi imefika.

Wiki iliyofuata watoto walikuwa wameomba kuongezwa. Alicheka, kisha akakaa kimya muda mrefu kitandani. "Sasa hata hilo hawanihitaji," aliniambia. Sikuwa na la kumjibu, nikaenda kuosha mchele.

Na maji ya mchele usiyamwage. Ya kwanza yana vumbi, mwaga. Ya pili ndiyo yanaupa mchuzi uzito kidogo. Chukua lita moja na nusu, chemsha na kitunguu, nyanya mbili na magimbi mawili madogo uliyoyakata, mpaka magimbi yalainike. Hapo ndipo unatia maji ya ukwaju uliochujwa (gramu 100 hivi zinatosha kuanzia). Ukiutia mapema, uchachu unachelewesha mboga kuiva. Ukwaju wetu wa sokoni umekomaa, kwa hiyo mchuzi utakuwa wa kahawia, usishtuke.

Fuatisha figili, bamia nzima na pilipili ndefu ya kijani isiyopasuliwa. Kamba nusu kilo, na vichwa vyao tafadhali, wanataka dakika tatu tu. Wao hutia chumvi kwa patis, sosi ya samaki, lakini chumvi ya kawaida haina neno. Majani yao ni kangkong. Matembele ni ndugu yake kabisa, yatie mwisho, zima jiko, funika.

Onjeni wote wawili kabla ya kupakua. Anayetaka kali zaidi aongezewe ukwaju kwenye bakuli lake.