Anayevuja damu atibiwe kwanza, maswali baadaye

MSICHANA anayefikishwa hospitalini Kitale au Bungoma akivuja damu baada ya mimba kutoka, iwe imeharibika yenyewe au imetolewa, ana haki ya kuhudumiwa mara moja. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Hata hivyo, wapo wanaochelewa kufika kwa kuhofia polisi. Sheria ya Adhabu inatoa kifungo cha hadi miaka 7 kwa mwanamke anayejitoa mimba kinyume cha sheria, na hadi miaka 14 kwa anayemtoa. Kifungu cha 26 cha Katiba kinaruhusu mimba itolewe pale mhudumu wa afya aliyehitimu anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu.

Kuchelewa huko huua. Mnamo Juni 2019, Mahakama Kuu iliamuru mama wa msichana aliyefariki 2018, baada ya kunajisiwa kisha kutolewa mimba kiholela, alipwe fidia ya Sh3 milioni.

Huduma haikomi damu inapokatika. Msichana arudishwe hospitalini upesi akilowesha sodo mbili kwa saa kwa muda wa saa mbili mfululizo, akiwa na homa, maumivu makali ya tumbo au uchafu unaonuka. Aidha, aelezwe kwamba anaweza kushika mimba tena katika muda wa majuma mawili, na apewe ushauri nasaha.

Iwapo hajatimiza miaka 18, mimba yenyewe ni dalili ya unajisi chini ya Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya 2006. Kwa sababu hiyo ni busara ahojiwe faraghani, kwani yamkini aliyemsindikiza ndiye aliyemdhulumu. Afisa wa watoto ahusishwe kabla hajarejeshwa nyumbani. Simu ya bure ya watoto ni 116.

Heshima nayo si hisani. Mnamo Machi 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mwanamke aliyejifungulia sakafuni hospitalini 2013 na kudhalilishwa na wauguzi alipwe Sh2.5 milioni. Anayetibiwa baada ya mimba kutoka anastahili utu uo huo, na akipona, mlango wa shule usifungwe mbele yake.