Milango ya Bagamoyo Husomwa kwa Miguu

Kundi la vijana likishuka stendi ya Bagamoyo, mwendo wa kilometa 70 hivi kaskazini ya Dar es Salaam, miguu yao huwavuta ufukweni. Kiongozi anayeujua mji huwageuzia kwanza Mtaa wa India na kuwapa kazi moja: kila wawili wachague mlango wa nakshi, wauchore kwa penseli, kisha wawaeleze wenzao mlango huo unamtangaza mtu wa namna gani.

Kazi hiyo si ya kubahatisha. Ukuta wa nyumba ya mawe ya Mwambao ulipigwa chokaa tu. Mali na fahari ya mwenye nyumba vilimwagwa mlangoni, upande wa barabara. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipokuwa ikifikia hapa, mgeni aliuona mlango kabla ya kumwona tajiri mwenyewe.

Msomaji aanzie chini. Kwenye miimo mara nyingi huchongwa samaki au mawimbi, na kutoka hapo maua hupanda hadi juu, huku pembeni ukipita mnyororo. Katikati husimama mfaa, ubao wima unaoziba mwanya wa mabawa mawili; hapo ndipo fundi hulimbikiza nakshi nzito. Misumari mikubwa ya shaba asili yake ni India. Kizingiti cha juu nacho kina habari zake: kilichonyooka ni mtindo mkongwe zaidi, cha nusu duara kilishamiri mwishoni mwa karne ya 19, na baadhi hubeba aya au mwaka wa Hijria. Atakayekuta 1300 ajue mlango ulichongwa 1882 au 1883.

Jina la fundi? Kwa kawaida halipo.

Hapo mjadala hunoga, kwani mji huu una majina mengine yanayotajwa sana. Katika misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa 1868, mnara wa kanisa la zamani huitwa kwa jina la Livingstone, mpelelezi wa Kiskoti, ambaye mwili wake ulifikishwa hapo Februari 1874. Waliousafirisha kutoka bara, wakiwemo Chuma na Susi, ni Waafrika. Vijana waulizwe: nani anakumbukwa kwa jengo, na nani kwa kazi ya mikono isiyo na sahihi?

Kaole, kilometa 5 hivi kusini, yafaa kutembelewa asubuhi kabla jua halijawa kali. Miongoni mwa magofu ya misikiti kuna makaburi yenye nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Nguzo zilipambwa kwa bakuli za kaure kutoka China, na vishimo vilivyozishika bado vinaonekana. Ni tabia ile ile ya Mtaa wa India, ila ya karne nyingi kabla: kitu cha thamani kilichotoka ng'ambo huwekwa mahali ambapo kila apitaye atakiona.

Adabu ya ziara hii ina nguvu ya sheria nyuma yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda hata milango na fremu zilizochongwa nchini kabla ya 1940. Basi chaki isiguse nakshi, na karatasi isisuguliwe juu yake. Nyumba nyingi zina watu. Hodi ipigwe, na ruhusa iombwe kabla ya picha.

Mchana kundi linaweza kumalizia TaSUBa, taasisi iliyotokana na Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa 1981, ambako uchongaji hufundishwa sambamba na ngoma, maigizo na uchoraji. Wakiomba nafasi mapema, vijana waende na michoro yao na kumwuliza mchongaji patasi ipi huchimba petali, ipi hufuata ukingo wa mnyororo, na kwa nini mti mgumu kama mvule hupendwa kwa mlango unaopigwa na upepo wa chumvi.