Umesoma Chemba, umefika Marekani: Mbona darasa zima halijui Tanzania iko wapi?

Mchukulie kijana aliyemaliza kidato cha nne Chemba, mkoani Dodoma, halafu akahamia Marekani kwa ndugu zake. Wiki ya kwanza shuleni wenzake wanamuuliza ametokea wapi. Anajibu, "Tanzania."

Mmoja anauliza kama ni karibu na Nigeria. Mwingine anataka kujua kama huko wanaongea "Kiafrika".

Kijana anashangaa. Yeye Marekani anaijua hata kabla hajapanda ndege. Mto Mississippi anaujua, Bonde la Tennessee amelijibia mtihani. Sasa hawa wenye kompyuta kila dawati wanashindwaje kuiona nchi yenye Mlima Kilimanjaro?

Jibu la haraka ni kwamba "Wazungu hawasomi jiografia". Lakini ukweli una pande mbili, na upande mmoja unatugusa sisi wenyewe.

Mtaala mmoja, au maelfu ya waamuzi

Tanzania Bara, Taasisi ya Elimu (TET) ndiyo inayoandaa mtaala, na Baraza la Mitihani (NECTA) linatunga mtihani wa taifa. Mtoto wa Farkwa na mtoto wa Masaki wanafanya mtihani uleule, siku ileile. Kwa mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024, shule ya msingi ina somo la Jiografia na Mazingira. Sekondari, Jiografia ni somo linalojitegemea.

Marekani mambo ni tofauti kabisa. Sheria inaizuia serikali kuu kupanga nini kifundishwe. Kazi hiyo iko mikononi mwa majimbo 50, na chini yake kuna zaidi ya wilaya za shule 13,000. Sehemu nyingi jiografia haisimami peke yake. Imechanganywa na historia na uraia, kama ilivyokuwa kwetu enzi za Maarifa ya Jamii.

Kwa hiyo mwanafunzi wa jimbo moja anaweza kusoma jiografia mwaka mzima, na wa jimbo la jirani akaigusa wiki chache tu.

Takwimu zao wenyewe zinasema

Mwaka 2006, utafiti uliofanywa kwa ajili ya National Geographic uliwauliza vijana wa Marekani wa miaka 18 hadi 24. Ni asilimia 37 tu walioweza kuionyesha Iraq kwenye ramani, wakati jeshi lao lilikuwa vitani huko tangu 2003. Theluthi moja hawakuweza kuionyesha Louisiana, jimbo lao wenyewe, ambalo lilikuwa limetoka kupigwa na kimbunga Katrina mwaka 2005.

Katika upimaji wa kitaifa wa jiografia wa mwaka 2018, robo tu ya wanafunzi wa darasa la nane ndio waliofikia kiwango cha umahiri.

Kwa hiyo si kwamba wanaidharau Tanzania. Wengi hata kwao hawapajui vizuri.

Ramani nayo inachangia

Ramani nyingi za ukutani na kwenye vitabu zinafuata mchoro wa Mercator wa mwaka 1569, uliotengenezwa kuwasaidia mabaharia. Mchoro huo unazivimbisha nchi zilizo mbali na ikweta. Greenland inaonekana kama inalingana na Afrika, wakati Afrika ni kubwa kuliko Greenland kama mara 14.

Tanzania yenyewe ni kubwa kuliko jimbo la Texas. Ujerumani na Ufaransa ya Ulaya ukiziweka pamoja, bado Tanzania inazizidi kidogo. Ukiitazama ramani ya ukutani, hutaamini. Agosti 2025, Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuiacha ramani hiyo na kutumia zinazoonyesha ukubwa halisi wa mabara.

Haya, tugeuze kibao

Kijana wetu wa Chemba amewashinda wenzake kwa majina ya nchi na mito. Mwalimu sasa anampa kazi nyingine: chagua mto wa nyumbani kwenu, eleza nani anautumia, nani anafaidika na nani anaumia.

Hapo wengi wetu tunakwama.

Bonde la Tennessee analijua vizuri: mamlaka iliundwa mwaka 1933, mabwawa yakajengwa, umeme ukapatikana, mafuriko yakapungua. Hizo ni pointi za mtihani. Lakini maelfu ya familia za wakulima zilihamishwa kupisha mabwawa hayo, na hilo ni rahisi kulipita unapokariri faida.

Sasa rudi Chemba. Wilaya hiyo, iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, inapitiwa na Mto Bubu. Kuna mpango wa miaka mingi wa kujenga bwawa kubwa Farkwa, ili maji yaende Dodoma mjini pamoja na Chemba yenyewe. Na huko nako kuna watu waliotakiwa kuhama.

Ni somo lilelile! Bwawa, maji, mji unaokua, wakulima wanaopisha. Tofauti ni kwamba la Tennessee liko kwenye daftari, la Farkwa liko nje ya dirisha.

Lugha inaongeza mzigo

Kwa mtoto wa Kwamtoro au Farkwa, nyumbani inaweza kuwa Kisandawe, msingi Kiswahili, kisha kidato cha kwanza Kiingereza. Darasa la saba alieleza mmomonyoko wa udongo bila shida, maana makorongo yapo jirani na anayaona kila siku. Miezi michache baadaye anatakiwa kuyaeleza makorongo yaleyale kwa lugha ambayo hajaizoea. Akikosa maneno, anameza pointi za mwalimu kama zilivyo.

Akifika ughaibuni, anaonekana anajua majibu lakini hajui kuuliza. Wenzake wana shida ya kinyume: wanauliza kwa kujiamini kuhusu nchi wasiyoweza kuionyesha.

Mzazi afanye nini?

Kama unahama na watoto kwenda Marekani, jua kwamba kwa kawaida shule za huko humpanga mtoto darasa kwa umri zaidi kuliko kwa cheti cha mtihani. Usishtuke akiletewa kazi ya kuandika maoni yake badala ya kuorodhesha faida tano. Ndiyo masomo yenyewe hayo. Na maarifa ya ramani aliyotoka nayo nyumbani asiyaone ya kizamani, maana kule ni mtaji.

Kama unabaki, huhitaji kompyuta kuanza. Mpeleke mtoto kwenye mto ulio jirani umuulize maji haya yanaishia wapi. Wa Chemba akijibu "baharini", mrudishe kwenye ramani: Bubu hauifikii bahari. Unaishia kwenye mbuga ya maji ya Bahi, mkoani humohumo Dodoma.